Sura ya Saba: Mvua Ndani ya Sauti

Tone la maji lilianguka ndani ya sufuria. Kukawa kimya, kisha likaanguka lingine.

Gizani, Koplo Mwantum Khalidi alinyoosha mkono akatupia kitambaa ndani ya sufuria ili tone lianguke kwa adabu. Bati la nyumba ya kupanga lilitoboka masika yalipoanza, na mwenye nyumba alikuwa mtu wa kesho. Ubavuni mwake binti yake Nusrat alilala kifudifudi, amekunja ngumi kama anayemgombeza mtu ndotoni. Mlima Rungwe ulikuwa bado haujaonekana dirishani. Mwantum aliweka hedifoni kwenye sikio moja tu, lingine akamwachia mtoto, akabonyeza simu.

Sauti ya mwanamke aliyekwisha kuzikwa ikazungumza.

"Mimi Tupokigwe, mama yake Tulia. Naongea nikiwa na akili zangu. Prisca, mdogo wangu, umenifulia, umenilisha, ume…"

Kimya. Sauti iliporudi ilikuwa imeruka, kama mtu aliyevuka mtaro.

"…ukadhani sikupendi. Sasa mtoto wangu. Nikiondoka, Tulia akae kwa…"

Kimya tena, kirefu kuliko vyote.

"Nimeshamsema. Msimchoshe mtoto kwa maneno. Kifua chake hakipendi baridi, msimwogeshe jioni."

Basi. Zaidi ya hapo ilikuwa kwikwi na kiti kinacholia.

Kesi yote ilikuwa kwenye kile kimya. Tupokigwe wa Ikuti aliugua figo, akajua haponi, akaenda kwenye studio ya Yunusu pale Tukuyu mjini kurekodi maneno yake ya mwisho. Mumewe, Erasto, alikuwa ametangulia, amefukiwa na kifusi machimboni Chunya. Mtoto alibakiwa na watu wawili tu duniani: mama yake mdogo Prisca, mwenye kibanda cha nguo Mbeya, na babu yake mzaa baba, Mzee Ambindwile wa Ikuti. Familia ilipokusanyika kusikiliza, jina halikuwamo. Siku hiyohiyo Prisca alikuja kituoni kushitaki kwamba Yunusu amehongwa mkungu wa ndizi na Ambindwile ili alikate. Yunusu akawekwa mahabusu, kompyuta yake ikawa kielelezo. Na leo mchana afisa ustawi wa jamii angekaa na pande zote mbili kuamua mtoto anakwenda wapi.

Mwantum alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Tone likaanguka juu ya kitambaa.

*

Yunusu alitolewa mahabusu akiwa na viatu visivyo na kamba. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, na sauti yake ilizoea kuamuru waimbaji.

"Kaka Yunusu, kaa," Mwantum alisema. "Tuanze upya."

"Afande, nimeshaanza upya mara ngapi? Kwaya zote za Rungwe zimepita mikononi mwangu. Mimi Mwislamu, lakini sauti ya nne ya kila wimbo wao naijua kuliko wanavyoijua wao. Leo nimekuwa mkata maneno ya marehemu."

"Alipokuwa anarekodi ulikuwepo ndani?"

"Aliniomba nitoke. Nikabonyeza kitufe, nikaenda kusimama barazani. Mvua ilikuwa inapiga, mvua yetu unaijua. Ndani alibaki yeye na mtoto."

Mwantum aliinua macho. "Mtoto alikuwemo?"

"Mapajani mwake. Alikataa kushuka."

"Baadaye ulikisikiliza ulichorekodi?"

Yunusu alitazama viatu vyake. "Sikukisikiliza. Maneno ya mgonjwa kwa ndugu zake, mimi nisikilize ninatafuta nini? Nikayahifadhi kama yalivyo. Dada yake alipokuja nikamnakilia kwenye flashi."

"Na mkungu wa ndizi?"

"Yule mzee alikuja baada ya mazishi. Hakuvuka kizingiti, Afande. Alisimama nje akaniuliza, sauti yake imo humo? Nikamwambia imo, ingia nikuwekee usikie. Akatikisa kichwa. Akasema haimpasi. Akauweka mkungu chini akaenda zake."

"Haimpasi nini?"

"Sikumuuliza. Nilidhani anaogopa kulia mbele yangu."

"Mtu akuletee mkungu mzima bila sababu?"

"Hapa Tukuyu ndizi ni salamu, Afande. Ungekuwa umeniletea wewe ningekushangaa, maana wewe mtoto wa dukani. Yule ni mtu wa shamba."

Mwantum hakucheka, ila kalamu yake ilitulia kidogo. Baba yake, Khalidi, aliuza vitenge karibu na stendi mpaka macho yalipomwishia. Kweli hakuwahi kumpelekea mtu ndizi.

"Kuna mwingine aliyewahi kulalamika kwamba sauti zako zinakatika?"

Yunusu alijikuna shingo. "Kwaya moja ya Matwebe. Walisema wimbo wao una matundu. Niliwaambia matundu yako kwenye pumzi zao, wakafanye mazoezi."

"Lini?"

"Masika haya. Baada ya radi."

"Radi gani?"

"Ilipiga ikaunguza pale pa kuchomeka waya wa mtandao kwenye kompyuta. Mimi na jirani yangu wa stesheneri tunatumia mtandao mmoja. Nikaenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, nikanunua kadi ya mtandao iliyotumika, nikaipachika mwenyewe. Ilikubali palepale."

"Ukaipachika wapi?"

"Palipokuwa na nafasi. Ubavuni mwa kadi ya sauti."

Mwantum aliandika sentensi hiyo, akaipigia mstari.

Nje, kwenye benchi la wageni, Prisca alikuwa amekaa na Tulia. Kitambaa cheusi cha msiba kilikuwa bado kichwani, kimefungwa kwa haraka. Tulia, mtoto wa darasa la kwanza, alivaa sweta la bluu lenye mikono mirefu kupita mikono yake, na vidole vyake vyote vilikuwa vimejificha ndani.

"Afande, alisema nimeshamsema," Prisca alianza kabla ya salamu. "Mtu hawezi kusema nimeshamsema kama hajasema. Jina lilikuwa pale. Jina langu. Nani alimwogesha miezi yote ile? Nani alimpeleka hospitali Mbeya na kumrudisha?"

"Wewe, dada Prisca. Hakuna anayebisha."

"Basi mtafuteni aliyelitoa."

Mwantum alichutama mbele ya mtoto. "Sweta zuri."

Tulia alivuta mikono ndani zaidi.

"Halivui," Prisca alisema. "Hata kulifua ananigomea."

"Naomba niongee naye kidogo. Alikuwepo studio."

"Hapana." Prisca alimvuta mtoto akamweka nyuma ya mkono wake. "Ametoka kuzika mama yake. Huyu hahojiwi na polisi. Nihojini mimi mpaka jua lizame, lakini huyu mwacheni."

Mwantum alisimama. Sheria ingemruhusu kutafuta njia nyingine. Alimfikiria Nusrat na ngumi zake.

"Sawa," alisema. "Huyu tumwache."

*

Mwalimu Godwin alifika studio na bisibisi kwenye mfuko wa shati. Alifundisha kompyuta madarasa ya jioni, na zamani Mwantum alikuwa mwanafunzi wake.

"Huyu ndiye aliyekuwa akilala darasani," alimwambia Yunusu, aliyekuwa amekalishwa kwenye stuli karibu na mlango na askari mmoja.

"Nilikuwa mjamzito, mwalimu."

"Nilijua. Ndiyo maana sikukuamsha."

Kompyuta ilikuwa imerudishwa pale chini ya ulinzi, maana Mwantum alitaka ijaribiwe mahali ilipofanyia kazi, kwa waya uleule na jirani yuleyule. Ilikuwa ya mezani, ya kizamani, kasha lake limegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Kabla ya kuruhusu mtu aiguse, alinakili rekodi ya Tupokigwe kwenye flashi mbili, akazifunga kwenye bahasha, akampa askari asaini. Godwin alipofungua ubavu wa kasha, Mwantum alizipiga picha kadi mbili zilivyosimama ndani, moja kubwa yenye vumbi, nyingine ndogo iliyo safi zaidi, zimebanana kama abiria.

"Sasa iwashe," alisema. "Usihamishe kitu."

Godwin aliiwasha. Walisubiri muda mrefu, kompyuta ikivuma kama friji bovu. Kisha akafungua orodha ya vifaa vya ndani, akateremka nayo polepole, akasimamisha kidole kwenye kioo.

"Umeona?"

"Naona namba. Kumi na moja, na chini yake kumi na moja."

"Ya juu ni kadi ya sauti. Ya chini ni kadi ya mtandao." Godwin aligeuza kiti. "Humu ndani prosesa ni mmoja, kazi zote ni zake. Kadi ikijaa mzigo inamgongea kengele: acha unachofanya, njoo unipokee. Kengele zina namba ili ajue ni mlango gani. Mashine za siku hizi kadi nyingi zikishika kengele moja hazigombani, zimepangiwa zamu. Hii ya zamani, na hii kadi ya sauti ya zamani zaidi, haikufundishwa kushirikiana. Kengele inalia, prosesa anakwenda, anamkuta mtandao mlangoni, anahangaika naye. Sauti iko nyuma yake, mikono imejaa, inaendelea kujazwa. Asipopokelewa upesi, alichobeba kinamwagika."

"Kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote. Ni kama maji kwenye mchanga."

Yunusu alisema kutoka kwenye stuli, "Mimi nilidhani ni waya wa maikrofoni. Nimebadilisha waya mbili."

"Usingepona kwa waya," Godwin alisema.

"Ushahidi kwanza," Mwantum alisema. "Kaka Yunusu, utaimba."

"Niimbe?"

"Wimbo wa wale wa Matwebe. Unaujua sauti zote, umesema mwenyewe."

Yunusu aliimba. Alianza kwa aibu, kisha sauti yake ikajipata. Waya wa mtandao ulikuwa umechomekwa, na jirani wa stesheneri alikuwa ameombwa avute filamu kubwa kutoka kwenye kompyuta ile. Waliposikiliza, wimbo ulikuwa na matundu. Neno linaanza, linazama, linaibukia mbele ya safari. Mwantum aliuchomoa waya, Yunusu akaimba tena. Wimbo ukatoka mzima tangu mwanzo mpaka mwisho. Waliuchomeka, matundu yakarudi. Ndipo Mwantum aliporuhusu. Godwin alizima mashine, akafungua skrubu, akaichomoa kadi ya mtandao na kuipachika kwenye sloti ya mwisho, mbali na mwenzake. Walipowasha, sauti ilibaki na kumi na moja, mtandao ukapewa kumi. Yunusu akaimba mara ya nne, koo limekauka, jirani akiendelea kuvuta filamu yake.

Hakuna tundu hata moja.

Yunusu alifunika uso kwa viganja. "Wale watu wa Matwebe niliwatukana bure," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na yule mama. Alikuja na mguu umevimba, kwa pikipiki, kwenye mvua. Nikayamwaga maneno yake."

Nje manyunyu ya tangu asubuhi yaligeuka mvua kamili, ikaanza kupiga bati.

"Basi hakuna mkosaji," Godwin alisema akifunga skrubu. "Mwachie mwenzetu aende nyumbani. Jina halirudi, Mwantum. Hakuna programu ya kuliokota."

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko mwanzo. Mkosaji akiwepo huenda akabanwa, akasema alichokikata. Mashine haisemi. Mchana huu Prisca angesema jina lilikuwa lake, Ambindwile angenyamaza au angesema lake, na mtoto angekwenda kwa anayelia zaidi.

Mwantum aliketi mbele ya kompyuta. "Nirudishie ule wimbo wa kwanza. Wenye matundu."

Godwin aliuweka. Yunusu akaimba kutoka kwenye spika, nyuma yake manyunyu yakigusa bati. Likafika tundu.

"Simamisha. Rudisha. Mvua imekwenda wapi?"

"Mvua ipi?"

"Kulikuwa na manyunyu alipokuwa anaimba. Kwenye tundu hayasikiki."

Godwin aliinamisha kichwa kwenye spika. "Yamemwagika nayo. Kadi haichagui, ikipoteza inapoteza vyote. Kimya chake ni kimya kikavu."

Mwantum alichukua nakala ya Tupokigwe, akavaa hedifoni kubwa za Yunusu zilizofungwa kwa selotepu, akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Umenifulia, umenilisha, ume… na mvua ikakatika kama kwa kisu. Kimya kikavu. Mashine. Akasogeza mbele. Tulia akae kwa…

Mvua iliendelea.

Iliendelea kupiga bati, nzito, bila kuruka. Ndani yake kulikuwa na pumzi ya mtu mgonjwa. Kiti kililia. Kitoto kilikohoa mara moja, karibu sana na maikrofoni. Kisha mama akasema, nimeshamsema.

Alizivua hedifoni akampa Godwin. Godwin alisikiliza, akarudia, akazishusha shingoni.

"Hapa mashine ilikuwa macho," alisema.

"Hapa hapakukatwa," Mwantum alisema. "Hakulitaja. Alinyamaza mwenyewe."

"Na anasema amemsema."

"Ndiyo."

"Sasa amemsemaje?"

Mwantum alikuwa ameshachukua koti la mvua.

*

Pikipiki ya kituo ilimfikisha Ikuti ikiwa na matope mpaka kwenye usukani. Mzee Ambindwile alikuwa nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe mgomba. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo, na panga lake lilikuwa limeliwa na tupa likabaki jembamba.

"Ugonile, baba," Mwantum alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Ndaga, mwanangu. Kalibu. Mvua imekunyeshea." Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya lugha hiyo. Alimvutia kigoda chini ya upenu, yeye akabaki amesimama.

"Nimekuja kwa habari ya marehemu Tupokigwe."

Jina lilipotajwa, mzee alitazama kando, kwenye migomba. Mwantum aliliona hilo. Aliuliza maswali ya kawaida: lini alimwona mara ya mwisho, alijuaje kuhusu studio, nani alimtuma na mkungu. Mzee alijibu yote bila kujificha, na katika majibu yote alisema "mama wa Tulia", "yule binti", "mwenye nyumba ile". Kalamu ikasimama.

"Baba, ulipokuwa ukimwita, ulimwita nani?"

"Sikumwita."

"Na yeye alikuita nani?"

"Hakuniita. Mkwe haitwi."

"Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu mjini. Tumekaa jirani na ninyi maisha yote, lakini ya ndani ya nyumba zenu siyajui vizuri. Nieleze niandike."

Ambindwile alichomeka panga kwenye mgomba. "Mke wa mwanangu hakutani na mimi njiani. Akisikia nakohoa, anaingia migombani mpaka nipite. Jina langu halitoki mdomoni mwake, hata akiulizwa na mganga. Watu wanasema hayo yamekwisha, mjini wanakula mesa moja na wakwe. Sawa. Yeye hakuacha. Erasto alipokufa angeweza kuacha, nani angemsema? Hakuacha."

"Haikukuuma? Miaka yote hakuna hata neno?"

"Neno lilikuwepo." Mzee alionyesha uzio wa miti kati ya nyumba yake na nyumba ndogo ya marehemu iliyofungwa kufuli. "Pale. Asubuhi natundika chupa ya masiwa. Ndizi zikikomaa naacha. Baridi ikisidi, kitu cha mtoto. Jioni nakuta chupa imeoshwa, imetundikwa mdomo chini ili ikauke. Haijawahi kuludi chafu. Ndivyo tulivyoongea."

Ng'ombe alitafuna. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye shamba la chai la jirani.

"Kule studio, Yunusu alikukaribisha usikilize sauti yake. Kwa nini hukuingia?"

"Alipokuwa hai alikuwa ananikimbia. Sasa hawezi kukimbia tena." Mzee alichomoa panga mgombani. "Nisingemvizia."

Mwantum aliandika polepole, kwa sababu karatasi ilikuwa imelowa au kwa sababu nyingine.

"Unamtaka mtoto, baba?"

"Namtaka. Anajua ng'ombe hawa majina yote. Lakini mimi sikuambiwa. Plisca ameambiwa ampeleke hospitali, ameambiwa afue, ameambiwa kila kitu. Mimi sikuambiwa kitu. Siwezi kusema nimepewa."

"Njoo mjini mchana. Panda nyuma yangu."

"Kwenye pikipiki ya polisi? Ikuti yote itasema nimekamatwa."

"Wacha waseme. Jioni watakuona umerudi."

*

Ofisi ya afisa ustawi wa jamii ilikuwa na meza moja na viti visivyofanana. Afisa mwenyewe, Lilian, dada wa sauti ya upole asiyependa kuharakishwa, alikuwa ameweka mafaili pembeni ili spika ndogo ipate nafasi. Prisca alikaa na Tulia ubavuni. Yunusu, aliyeachiwa saa hiyo hiyo, alisimama ukutani na viatu vyake sasa vina kamba. Ambindwile alifika mlangoni, akaiona spika, akarudi nyuma hatua moja.

"Ingia, mzee," Lilian alisema.

"Nitakaa hapa balasani. Mkiniita nitasikia."

Mwantum alieleza kwa kifupi. Alimwekea Prisca wimbo wa Yunusu wenye matundu na usio na matundu, akamwonyesha picha za kadi zilivyobanana, akamweleza kengele namba kumi na moja. Prisca alisikiliza ameuma mdomo. Mwishoni alimgeukia Yunusu.

"Nisamehe, kaka."

"Hata mimi ningelia hivyo, dada," Yunusu alisema.

"Kwa hiyo jina limepotea," Lilian aliandika.

"Halijapotea." Mwantum aliweka tundu la kwanza, akawaambia wasikilize mvua. Mvua ikakatika. Kisha akaweka kimya kirefu. Mvua ikaendelea, pumzi ikaendelea, kiti kikalia. "Hapa hakuna kilichokatwa. Alifika penye jina, hakulitaja, na baada yake akasema amemsema. Dada Prisca, jina lako alilitaja mwanzoni kabisa, bila shida."

Prisca aliangalia mlango, pale ambapo bega la mzee na ncha ya koti lake lililolowa vilionekana.

"Bado alikuwa anafanya mambo yale," alisema polepole. "Nilikuwa namcheka. Nilimwambia, dada, wewe umezaliwa karne gani." Machozi yalimteremka bila sauti. "Lakini huenda alichoka tu. Alikuwa mgonjwa, Afande. Mgonjwa hunyamaza."

"Ana haki ya kusema hivyo," Lilian alisema. "Mimi siwezi kumkabidhi mtoto kwa sababu mtu alinyamaza. Kunyamaza hakuandikiki. Nikiulizwa juu nitasema nini? Hakuna aliyekuwa mle ndani."

Hakuna aliyemtazama Tulia. Mwantum aliahidi asubuhi kwamba huyu ataachwa, na aliendelea kutazama spika.

"Weka tena," Prisca aliomba. "Mara ya mwisho. Nimsikie tu."

Mwantum aliweka. Sauti ya Tupokigwe ikajaa chumba kidogo, ikamshukuru mdogo wake, ikakatwa, ikarudi. Nje barazani koti lililolowa lilisogea mbali zaidi na mlango. Nikiondoka, Tulia akae kwa…

Mvua ikapiga bati ndani ya spika. Kiti kikalia. Mtoto akakohoa.

Tulia aliteremka kitini. Alitoa vidole vyake nje ya mikono mirefu, akashika upindo wa sweta la bluu kifuani, akaukunja ndani ya ngumi kama mtu anayeonyesha namna jambo lilivyofanyika.

"Hapa mama alishika hili sweta alilonipa babu," alisema.